UZI: Una PCB (Physics, Chemistry, Biology) na unaitaka MD (digrii ya udaktari) Muhimbili? Njoo tupime nafasi yako kabla hujatuma maombi

mwana_upanga (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka tu, PM yangu inajaa swali moja, "kaka nina one ya saba (division one ya pointi 7), MD Muhimbili napata?" Na majibu ambayo watu wanawapa hawa madogo yananiumiza kusema kweli, mtu anamjibu tu "utaingia usiwe na wasi", dogo anaenda kuweka chuo kimoja kozi moja, selekshen inatoka jina hamna, anaanza kuhangaika dirisha la pili (awamu ya pili ya maombi) wakati kozi aliyokuwa anaitaka imeshajaa vyuo karibu vyote. Huyu ni mtoto aliyesoma usiku na mchana miaka miwili, kafaulu vizuri kabisa, na anakosa kwa sababu hakuna aliyekaa naye chini akampigia hesabu. Mimi MD nimeisoma, najua raha yake na tabu zake, na kila msimu wa maombi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu tunapitia matokeo yao mmoja mmoja. Ninachowaambia wao ndicho ninachoandika hapa, mtanisamehe ni ndefu.

Tuanze na hesabu maana hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Kuna pointi za NECTA (baraza la mitihani) na kuna pointi za TCU (tume ya vyuo vikuu) na zinaenda kinyume. NECTA A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwa hiyo ukipata pointi chache ndio umefaulu zaidi, one inaanza 3 hadi 9, two ni 10 hadi 12. TCU wao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, hapo unataka nyingi. Sasa ukitaka kubadilisha haraka kama masomo yako yote matatu ni kati ya A na E, chukua 18 toa pointi zako za NECTA. One ya 3 inakuwa 15, one ya 7 inakuwa 11, one ya 9 inabaki 9 hiyohiyo, two ya 12 inakuwa 6. GS (General Studies) na BAM (hesabu ya ziada) hazimo kwenye hizo pointi, usijidanganye na A ya GS. (Mliomaliza 2014 na 2015 hesabu yenu ni nyingine, ule mwaka wa B+ na GPA madaraja yalibadilishwa, msitumie hii ya 18.)

Haya, sifa za chini za MD kwenye gaidibuku (mwongozo wa udahili) ya TCU ni principal tatu (ufaulu wa A hadi E) za Physics, Chemistry na Biology, pointi zisipungue 6, na kila somo angalau D. Yaani DDD, two ya 12, huyo kwa karatasi ana sifa. Sasa angalia hiki kitu maana kimeliza watu: dogo mwenye A ya Biology, A ya Chemistry na E ya Physics, jumla yake 1+1+5, ana one ya 7, pointi 11 za TCU, mtaani wanamwita daktari tayari, wakati sifa za MD hana kwa sababu ya ile E. Mwenye BBC naye ana one ya 7 na yeye sifa anazo. Kwa hiyo ukija kuniuliza usiniambie "nina one ya ngapi", niandikie herufi zako tatu.

Na wale wa CBG na CBN (Chemistry, Biology na Geography au Nutrition), bila Physics ya form six mlango wa MD wa moja kwa moja haupo, hata uwe na AAA. Naandika hivi kwa sababu kuna wazazi wanakuja kuligundua hili mtoto ameshamaliza. Njia ipo na nitaieleza chini huko.

Sasa tuje kwenye nafasi yenyewe. Kuwa na sifa za chini maana yake unaruhusiwa kupanga foleni tu, basi. Chuo kinapanga waombaji kuanzia aliyefaulu zaidi kwenda chini hadi viti vinaisha, halafu TCU wanahakiki. Kwa hiyo swali la maana ni nani wengine wako kwenye foleni mwaka wako. Na hili unaweza kuliona kwa macho yako, bure, hauhitaji mtu wa ndani wala "mchongo". Ingia kwenye matokeo ya NECTA, fungua shule zile zinazotema PCB kila mwaka, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Tabora Boys, Tabora Girls, Msalato, ongeza na za binafsi kama Marian na Feza. Kuna safu imeandikwa AGGT, hiyo ndio jumla ya pointi, pembeni yake kuna DIV na masomo yote na herufi zake. Shuka na kidole mstari kwa mstari, kila ukiona PHYSICS CHEMISTRY BIOLOGY na AGGT ni 3, 4, 5, 6, weka alama kwenye karatasi. Ukimaliza shule kama kumi hivi utakuwa umeshapata picha ya wanaokutangulia, na hapo bado shule za nchi nzima. Kweli si wote wanaomba MD, wengine wanaenda Pharmacy, wengine uhandisi wa vifaa tiba, wengine nje ya nchi. Lakini wengi wao MD ndio chaguo la kwanza, na wengi wa hao chuo cha kwanza wanaweka Muhimbili.

Kwa nini wote Muhimbili? Kihistoria ndiko kulikoanzia. Ile shule ya udaktari ilianza 1963, ikaja ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, MUCHS, 2007 ndio ikawa MUHAS tunayoijua. Zaidi ya miaka 30 nchi nzima ilikuwa inafundisha madaktari pale tu, hadi katikati ya miaka ya 90 kuelekea mwishoni ndio zikaanza za Kairuki, KCMC na wenzao. Kwa hiyo baba au mjomba akisikia udaktari kichwani kwake inakuja Upanga, ilipo Muhimbili, peke yake. Jumlisha ada ya serikali, jumlisha hospitali ya taifa iko hapohapo ukivuka uwanja, foleni lazima iwe ndefu.

Nikiangalia matokeo ya miaka ya karibuni, na hii ni tathmini yangu msije mkasema TCU wamesema:

Mwenye one ya 3, 4, 5 aweke MUHAS ya kwanza bila kusita. Ya 6 na 7 aweke, lakini aweke na vyuo vingine kwa uzito uleule, maana hapo ni eneo ambalo mwaka mmoja unaingia na mwaka unaofuata hauingii, inategemea tu wenzako wamefaulu vipi. Ya 8 na 9 ndugu yangu, MD unaweza kusoma kabisa tena vizuri, ila usiifanye Muhimbili ndio tumaini lako, elekeza nguvu kwingine mapema. Two yenye D zote, sifa unazo lakini ushindani ni mgumu sana, hapo inabidi tuongee habari ya vyuo binafsi na uwezo wa nyumbani, au kurisiti (kurudia mtihani).

Na vyuo vipo. Serikali kuna UDOM pale Dodoma, kuna kile chuo cha afya cha UDSM kilichoko Mbeya, Zanzibar kuna SUZA. Mwanza kuna CUHAS pale Bugando, Moshi kuna KCMC, Ifakara kuna St. Francis, Dar kuna Kairuki na KIUT. Bugando na KCMC hizo ni hospitali za rufaa za kanda, mwanafunzi anakutana na wagonjwa wa kila aina na anashika kazi kwa mikono yake. Nimefanya kazi na madaktari waliotoka huko, wodini hakuna anayekuuliza umesoma wapi, wanaangalia unamhudumia vipi mgonjwa. MD ni miaka 5 na intern mwaka 1 popote utakaposoma, na kwa Tanzania Bara Baraza la Madaktari ni moja.

Jambo la mwisho kabla sijaacha watu waulize. Tangu 2017 ule mfumo wa pamoja wa TCU uliondolewa, unaomba chuo kimoja kimoja kwenye mfumo wa chuo husika. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa kodi (namba maalumu ya uthibitisho) kwa SMS ili uthibitishe unakwenda wapi, usipothibitisha ndani ya muda kiti kinaondoka. Sasa madogo wengi matokeo yanatoka wako JKT, au wanaenda stesheneri wanajaziwa na dada wa pale, na kwenye kisanduku cha namba ya simu anaweka namba yake yeye dada ili mambo yaende haraka. Kodi inaingia kwenye simu ya dada, dada ana meseji mia za watu, wewe unasubiri nyumbani. Weka namba yako, kama uko kambini weka ya mzazi anayeshinda na simu, na pasiwedi uandike kwenye daftari. Ikitokea meseji haijaja, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo kilichokuchagua unaomba kodi tena, ndio maana pasiwedi ni muhimu.

Karibuni kwa maswali, wekeni herufi.

pisibii_mtupu

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi Bios B, Chem B, Phy C. Nimepanga niweke MUHAS, MD ya kwanza, ya pili DDS (udaktari wa meno), ya tatu Pharmacy, basi. Nikikosa MD nachukua Pharmacy halafu mwaka wa kwanza nahama. Vipi iko sawa?

mwana_upanga

Dogo hongera, BBC ni matokeo mazuri. Ila huo mpango una shida mbili. Kwanza umeweka chuo kimoja. Ukiwa na one ya 7 weka na UDOM, Mbeya, Bugando na KCMC dirisha la kwanza hilohilo, usisubiri la pili, dirisha la pili unagombea mabaki na kwa MD mabaki huwa ni machache mno. Ada ya maombi ya vyuo viwili vitatu inauma najua, lakini linganisha na kukaa mwaka mzima nyumbani.

Pili hiyo habari ya kuhama. Kuhama kupo kisheria, TCU wana utaratibu wake, lakini lazima uwe na sifa za kozi unayohamia na kozi iwe na nafasi, na MD ndio kozi ambayo nafasi haipatikani. Usiingie Pharmacy kama ngazi. Pharmacy ni taaluma nzito, ina kemia ambayo itakutesa kama moyo uko kwingine. Jiulize leo, nikipangiwa Pharmacy na nikaisoma mpaka mwisho nitakuwa na amani? Kama ndiyo iweke. Kama jibu ni hapana, hiyo nafasi ya tatu iache wazi na uongeze chuo kingine cha MD.

mzazi_wa_moro

Habari zenu wanangu. Binti yangu ana CBG, amepata one ya 5, AAC, na tangu mdogo anasema daktari. Nimesoma hapo juu kuhusu Physics nimekaa chini. Shuleni kwao walimwambia CBG anaweza kwenda afya. Sasa mwaka umeenda bure?

mwana_upanga

Shikamoo mama. Haujaenda bure hata kidogo na tafadhali usimwambie hivyo binti. Walichosema shule si uongo, CBG inaingia kozi kadhaa za afya, kila kozi na vigezo vyake, kaeni na gaidibuku mpitie ukurasa kwa ukurasa. Isiyowezekana ni MD ya moja kwa moja.

Ila kama ni udaktari tu na hataki kingine, ipo njia ya diploma. Asome Diploma ya Clinical Medicine, miaka 3, anatoka Clinical Officer. Akitoka na GPA isiyopungua 3.0 anaruhusiwa kuomba MD, lakini hapa ndio nataka umuulize swali moja leo jioni: form four Physics alipata nini? Kwa wa diploma wanataka form four awe na angalau D ya Physics, Chemistry, Biology, Hesabu na Kiingereza. Kama alipata F ya Hesabu au Physics, hilo ndilo la kurekebisha kwanza, anarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati mambo mengine yanaendelea. Ni njia ndefu mama lakini ni njia halali, na wodini nimekutana na madaktari waliopita huko, kwa mgonjwa wako vizuri mno maana walishashika kazi kabla.

CO_wa_kata

Naunga mkono hoja, mimi ni CO niko zahanati huku, nimeomba MD mwaka jana nikakosa na mwaka huu naomba tena. Niongezee kwa wenye diploma: AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki wa cheti chako kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), bila hiyo mfumo wa chuo haukupokei. Usisubiri dirisha lifunguliwe ndio uanze kuitafuta, matokeo ya chuo chako yanaweza kuwa hayajaingia vizuri kwenye mfumo wao na kufuatilia kunachukua muda. Mimi nilikosa kwa sababu GPA yangu ni 3.4 na niliweka chuo kimoja tu, na walioingia kwa diploma pale nilipoomba ninaowafahamu walikuwa na zaidi ya 4.

mwana_upanga

Mkuu umesema kitu kikubwa sana. GPA 3.0 ni ileile habari ya DDD, inakupa ruhusa ya kupanga foleni. Na 3.4 si ndogo, chagua vyuo kadhaa safari hii, na usiache kuomba. Nchi hii inahitaji mtu ambaye ameshakaa zahanati ya kata akaona mama anafika saa nane usiku kwa bodaboda, huyo akija kusoma MD anajua anasoma kwa ajili ya nini.

pisibii_mtupu

Na kurisiti je mkuu? Rafiki yangu ana BCD, one ya 9, anataka arudie mwaka mzima ili apate one ya 5 aingie Muhimbili.

mwana_upanga

BCD ni 2+3+4, ndio 9. Mwambie asirudie kwanza.  Hiyo D iwe ya somo lolote kati ya matatu, sifa za MD anazo kama zilivyo, aombe mwaka huu vyuo vyote ambavyo nyumbani wanaweza kulipia, apeleke na maombi ya mkopo HESLB kwa wakati, nyaraka zikiwa zimekamilika. Akikosa kote dirisha la kwanza na la pili, hapo ndio habari ya kurisiti inaanza, na arisiti lile somo lililomwangusha badala ya kuanza upya kila kitu. Kupoteza mwaka wenye sifa mkononi kwa sababu ya jina la chuo mimi siungi mkono. Anayekubali kurudia mimi namwelewa ni yule wa AAE, herufi moja tu inamzuia, huyo kurisiti Physics kuna maana kubwa.

mzazi_wa_moro

Asante mwanangu nimemuuliza, Physics form four ana C, Hesabu D, Kiingereza B, Chemistry na Biology A. Na kuna mtu amenipigia anasema kwa milioni mbili anamwingiza MD hivyohivyo na CBG.

mwana_upanga

Mama huyo mtu usimpokelee simu tena. Majina ya waliochaguliwa yanapita TCU kuhakikiwa, na namba ya mtihani ya binti inaonyesha masomo aliyofanya, CBG haigeuki PCB kwa pesa ya mtu. Hiyo milioni mbili weka kwenye ada ya diploma. Kwa hizo D, C, B na A za form four mlango wa diploma kwenda MD uko wazi kwake, anza na orodha ya vyuo vya Clinical Medicine vilivyosajiliwa NACTVET, angalia namba ya usajili kabla hujalipa shilingi yoyote. Ukipata viwili vitatu niandikie hapa tuvipitie pamoja.

CO_wa_kata

Mama na mimi nipo, chuo nilichosoma najua vizuri na vya jirani navijua. Jambo moja tu uliza kila chuo: wanafunzi wanaenda hospitali gani kwa mafunzo ya vitendo na wanakaa huko muda gani. Chuo kisichoweza kujibu hilo moja kwa moja kikatae.